U-505: nyambizi iliyotekwa pwani ya Afrika ikaishia Chicago

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, kwa sasa naishi Indiana. Mwezi uliopita niliwapeleka watoto Chicago, tukaingia ndani ya nyambizi ya Kijerumani iitwayo U-505. Nimerudi na maswali matatu. Mtembezaji wetu alisema ilitekwa karibu na Afrika. Je, ilitekwaje bila kuzama, na ilifikaje Chicago ambako hakuna bahari? Pili, vifaa vya ndani ni vyake vya asili au ni vya kuigiza? Tatu, kwa nini wameiweka chini ya ardhi badala ya kuiacha nje kila mtu aione? Hili la tatu linanikera kwa sababu kaka yangu aliyeko nyumbani hushikilia kuwa chombo cha chuma hakihitaji kitu ila rangi.

Jibu: Marahaba, dada. Maswali yako yote matatu yanaishia kwenye kitu kimoja, nacho ni maji. Mwaka 1944 chombo hicho kiliokolewa na mtu aliyeziba tundu moja lililokuwa likiingiza bahari. Miaka 60 baadaye kikaokolewa tena, safari hii kutokana na mvua na theluji. Nianze na la utekaji, maana ndilo lenye mambo mengi.

U-505 ni nyambizi ya aina ya IXC, iliyoundwa na Deutsche Werft mjini Hamburg. Ilishushwa majini Mei 1941 na kukabidhiwa jeshi la majini la Ujerumani Agosti 26 mwaka huohuo. Ina urefu wa mita 76.76 na upana wa mita 6.76. Injini zake mbili za dizeli za MAN, kila moja ya silinda tisa, ziliisukuma juu ya maji hadi noti 18 (maili za baharini 18 kwa saa). Ikienda taratibu, noti 10, iliweza kusafiri maili za baharini 13,450 bila kuongeza mafuta. Chini ya maji mambo yalikuwa tofauti kabisa: mota za umeme zilipata nguvu kutoka kwenye betri, na kwa noti 4 chaji ilitosha maili 64 tu. Kwa hiyo usiifikirie kama samaki. Ilikuwa meli yenye uwezo wa kujificha chini ya maji kwa muda, na kila saa ya kujificha ililipiwa baadaye kwa kuibuka, kuwasha dizeli na kuchaji betri. Udhaifu huo ndio ulioiponza.

Uwezo wa safari ndefu ndio uliowafanya Wajerumani waitume Afrika. Ikitokea Lorient, Ufaransa, ilifika maji ya Freetown mwanzoni mwa 1942, na kati ya Machi na Aprili ikazamisha meli nne: Benmohr ya Uingereza, Sydhav ya Norway, West Irmo ya Marekani na Alphacca ya Uholanzi. Ndani ya West Irmo walikuwamo wapakizi wa bandarini wa Afrika Magharibi, na kumi kati yao walikufa. Habari hii haitajwi sana watu wanapoizungumzia U-505, nami naona haki itajwe, maana wageni wengi hutoka Chicago wakidhani vita ile ilikuwa ya Wajerumani na Wamarekani peke yao. Baadaye nyambizi hiyo ilikwenda Karibi. Kwa jumla, katika maisha yake yote ilizamisha meli nane, zenye ukubwa wa tani 45,000 hivi.

Novemba 10, 1942, karibu na Trinidad, ndege ya Uingereza aina ya Hudson iliikuta juu ya maji ikaidondoshea mabomu kutoka chini sana. Bomu moja liliipata sitaha barabara, na mlipuko huohuo ukaiangusha ndege. U-505 ilirudi Lorient ikiwa imepasuka vibaya, ikakaa kwenye matengenezo kama miezi sita. Kutoka hapo haikutulia tena. Mafundi wa Kifaransa wa bandarini, waliolazimishwa kufanya kazi chini ya wavamizi, waliihujumu kimyakimya. Safari moja baada ya nyingine katikati ya 1943 ilikatizwa baada ya siku chache. Mara moja ilikutwa tundu jembamba kama penseli limetobolewa kwenye tangi la mafuta, likiacha mstari wa dizeli juu ya bahari ambao ndege ingeufuata kama mtu anavyofuata nyayo. Oktoba 24 mwaka huo, ikishambuliwa kwa mabomu ya kina (yanayolipuka chini ya maji) mashariki ya visiwa vya Azores, kamanda wake Peter Zschech alijiua kwa bastola ndani ya chumba cha uongozi, na ofisa wake Paul Meyer ndiye aliyeirudisha nyumbani. Harald Lange aliyekabidhiwa baadaye alikuwa baharia mzoefu. Safari yake ya mwisho ilianza Brest Machi 1944, kuelekea tena Freetown.

Sasa tufike kwenye utekaji wenyewe. Kikosi cha Marekani kilichoitwa TG 22.3 kilikuwa na manowari ndogo ya kubeba ndege, USS Guadalcanal, pamoja na manowari tano za kusindikiza: Chatelain, Pillsbury, Pope, Flaherty na Jenks. Kiongozi wake, Kapteni Daniel Gallery, alikuwa na wazo ambalo wengi hawakulipa uzito. Alikuwa ameona kuwa nyambizi ya Kijerumani ikijeruhiwa huibuka, mabaharia wake huruka majini, na chombo hubaki kikielea kwa dakika kadhaa kabla ya kwenda chini. Dakika hizo ndizo alizozitaka. Kabla ya kuondoka Norfolk, Mei 15, 1944, kila manowari iliagizwa kuandaa kundi la kupanda chombo cha adui: watu wa kufunga vali, watu wa kutegua mabomu, watu wa kukusanya vitabu vya siri, na kamba ya kukokotea ikiwa tayari sitahani.

Asubuhi ya Juni 4, siku mbili kabla ya majeshi ya washirika kushuka Normandy, kikosi kilikuwa maili 150 hivi kutoka pwani ya Río de Oro, ambayo leo ni Sahara Magharibi. Saa tano na dakika tisa Chatelain ikapata mwangwi wa sona, chombo kinachotafuta vitu chini ya maji kwa sauti. Ndege mbili za Wildcat ziliiona nyambizi kwa macho chini ya maji, zikapiga risasi baharini kuonyesha mahali ilipo. Chatelain ikaangusha mabomu ya kina yaliyopangwa kulipuka karibu na uso wa maji. Dakika sita na nusu tu tangu shambulio la kwanza, U-505 ikaibuka. Usukani ulikuwa umekwama upande wa kulia, taa zimezima, na Lange akaamuru watu watoke na chombo kizamishwe. Mjerumani mmoja, Gottfried Fischer, aliuawa kwa risasi juu ya sitaha. Wengine 58 waliokolewa, pamoja na Lange aliyepoteza mguu.

Hapa ndipo jibu la swali lako lilipo. Kuzamisha nyambizi kwa makusudi ni kazi ya dakika chache: unatoa hewa kwenye matangi ya kuelea ili maji yaingie, unafungua njia ya maji ya bahari hadi ndani, unategesha mabomu, unaondoka. Mabaharia wa U-505 walikimbia mapema mno. Walifungua kifuniko cha chujio la bomba la maji ya bahari, tundu la inchi nane hivi, maji yakawa yanaingia kwa nguvu, lakini kifuniko chenyewe wakakiacha pale karibu badala ya kukitupa. Mota za umeme nazo waliziacha zikizunguka. Kwa kuwa usukani ulikuwa umekwama kulia, nyambizi tupu ikawa inazunguka duara moja kubwa kwa noti sita au saba.

Pillsbury ikateremsha boti yake, ikaikimbiza kwa kukata ndani ya duara. Luteni Albert David aliongoza kundi, na nyuma yake wakafuata Arthur Knispel na Stanley Wdowiak kushuka ngazi ya mnara bila kujua kama kuna mtu chini mwenye bunduki, au kama bomu limebakiza sekunde ngapi. Hapakuwa na mtu. Zenon Lukosius, fundi wa mitambo, aliusikia mlio wa maji, akakikuta kifuniko cha chujio, akakirudisha mahali pake na kukikaza. Wenzake wakakata nyaya za mabomu. Walipozima mota, tezi ikaanza kudidimia: ule mwendo wa mbele ndio uliokuwa ukisaidia kuinyanyua sehemu ya nyuma. Ikabidi waziwashe tena. Pillsbury ilipojaribu kuikaribia ubavuni ili kuifunga, bawa la kuzamia la mbele la nyambizi liliitoboa chini ya mstari wa maji na sehemu zake tatu zikajaa maji. Mwishowe Guadalcanal yenyewe ndiyo iliyopitisha waya wa kukokotea.

Kukokota nako kulikuwa na mtihani wake. Tezi ilikuwa chini mno, usukani bado umekwama, na usiku ule waya ulikatika. Siku iliyofuata Gallery mwenyewe, aliyekuwa na ujuzi wa silaha, alishuka kuukagua mlango wa chumba cha topido cha nyuma uliodhaniwa kuwa umetegwa. Haukuwa umetegwa, na huko ndani lilikuwako gurudumu la kuongozea usukani kwa mkono, wakaurudisha katikati. Lakini betri zilikuwa zinaisha, na bila umeme pampu hazifanyi kazi. Kumbuka mabaharia hawa hawakuwa watu wa nyambizi. Kulikuwa na mamia ya vali zenye maandishi ya Kijerumani, na ukifungua isiyostahili unakwenda chini pamoja nacho.

Aliyelitatua tatizo hilo ni Kamanda Earl Trosino, mhandisi mkuu wa Guadalcanal, ambaye kabla ya vita alikuwa mhandisi wa meli za mafuta za kibiashara. Alitambaa ngamani chini ya sakafu, kwenye mafuta na maji, akifuatisha kila bomba hadi mwisho wake mpaka akaelewa mpangilio wote. Wahenga wa pwani walisema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na kwa Trosino methali hiyo ilikuwa kazi halisi ya mikono. Aliona kwamba kila upande wa chombo una dizeli, kisha klachi (kiungo cha kuunganisha na kutenganisha mitambo), kisha mota ya umeme, kisha klachi nyingine, kisha shafti inayokwenda kwenye pangaboi. Akatenganisha dizeli na mota, lakini mota akaiacha imeshikana na shafti. Halafu akamwomba Gallery aongeze mwendo. Nyambizi ilipovutwa kwa kasi, maji yakazungusha mapangaboi, mapangaboi yakazungusha mota, na mota inayozungushwa kutoka nje hugeuka jenereta. Betri zikaanza kuchajiwa na bahari yenyewe. Baada ya hapo waliweza kuendesha pampu za nyambizi, wakatoa maji ya ngamani, wakajaza hewa kwenye matangi, na U-505 ikanyanyuka na kukaa sawa juu ya maji. Kwangu mimi hiki ndicho kitendo kizuri kuliko vyote katika habari hii nzima, na nasikitika kwamba wageni wengi hutoka bila kulisikia jina la Trosino.

Waliamua kutoipeleka Casablanca wala Dakar, ingawa bandari hizo zilikuwa karibu zaidi, kwa hofu ya wapelelezi. Tagi ya jeshi, USS Abnaki, iliipokea kutoka kwa Guadalcanal, na msafara ukaingia Bermuda Juni 19, baada ya maili za baharini 1,700. Sababu ya usiri ni mzigo uliokuwamo ndani: mashine mbili za Enigma za kuandikia ujumbe wa siri, karibu kilo 400 za vitabu vya siri na nyaraka, na topido mbili za T5 zinazofuata sauti ya pangaboi. Wajerumani wangejua kuwa chombo kimetekwa, wangebadilisha misimbo mara moja, na faida yote ingepotea. Mkuu wa jeshi la majini la Marekani, Admirali King, alimkasirikia Gallery kwa kuihatarisha siri hiyo wiki ileile ya Normandy. Mabaharia wapatao 3,000 waliapishwa kunyamaza. Wafungwa walitengwa Camp Ruston, Louisiana, bila kufikiwa hata na Msalaba Mwekundu, na familia zao Ujerumani zikaamini wamekufa. Kwa wewe wa Mombasa, mambo ya misimbo hayako mbali na nyumbani: mwaka 1942 wapasua misimbo wa Uingereza walifanya kazi katika shule ya Allidina Visram, wakisikiliza na kusoma mawasiliano ya meli za Japani.

Luteni David alitunukiwa Nishani ya Heshima, ya juu kabisa ya kijeshi Marekani, lakini alifariki kwa ugonjwa wa moyo Septemba 1945 kabla ya kuipokea. Rais Truman akamkabidhi mjane wake.

Baada ya vita U-505 ilizungushwa bandari za Marekani kuhamasisha ununuzi wa dhamana za serikali, kisha ikaachwa katika karakana ya jeshi ya Portsmouth, New Hampshire. Mpango ulikuwa kuitumia kama shabaha na kuizamisha. Gallery alikuwa mzaliwa wa Chicago, na ndugu yake, Padri John Gallery, akaenda kumwona Lenox Lohr, mkuu wa Jumba la Makumbusho ya Sayansi na Viwanda la mji huo. Lohr alikuwa akitafuta nyambizi kwa miaka. Jeshi lilikubali kuitoa bure, ila gharama za kuisafirisha ziwe juu ya Chicago, na wakazi wakachanga dola 250,000.

Kuhusu Chicago kutokuwa na bahari: iko kwenye Ziwa Michigan, na maziwa yale makubwa yameungana na Atlantiki kupitia Mto St. Lawrence. Njia kubwa ya meli unayoiona leo ilifunguliwa 1959, kwa hiyo mwaka 1954 U-505 ilikokotwa kupitia mifereji ya zamani iliyojengwa kwa meli ndogo, ikapandishwa ngazi kwa ngazi kwa malango ya maji. Unaingiza chombo ndani ya chumba, unafunga lango la nyuma, unajaza maji, kinapanda, unafungua lango la mbele. Iliwasili mwishoni mwa Juni. Ikapandishwa kwenye chelezo kinachoelea, ikaletwa hadi ufukwe ulio mbele ya jumba, ikavutwa nchi kavu juu ya reli na magogo ya chuma yanayoviringika. Mwanzoni mwa Septemba barabara ya Lake Shore Drive ikafungwa usiku ili ipite. Ilizinduliwa rasmi Septemba 25, 1954, kuwa kumbukumbu ya mabaharia waliopotea katika Atlantiki kwenye vita vyote viwili vya dunia.

Swali la pili nitalijibu kwa ufupi. Bodi, injini, mirija ya topido na mpangilio wa vyumba ni vya asili. Vifaa vidogo, hapana, si vyote. Huko Portsmouth karibu kila kitu kilichoweza kufunguliwa kilikuwa kimefunguliwa na kuondoka: geji, mikono ya vali, vitasa, paneli. Lohr akaviandikia viwanda vya Ujerumani vilivyovitengeneza, na vingi vikatuma vipya bila malipo, vikisema kama chombo kitaonyeshwa, basi kiwe heshima kwa ufundi wa Kijerumani. Kwa hiyo geji uliyoipiga picha huenda ilitengenezwa na kiwanda kilekile, kwa ramani ileile, miaka kumi baada ya vita. Mimi siiti hiyo kuigiza, lakini mtoto akiuliza, aambiwe ukweli. Mlango mliopitia kuingia si wa asili: ulikatwa ubavuni kwa ajili ya wageni. Mabaharia walishuka kwa ngazi kupitia matundu ya sitahani, upana wa mabega ya mtu mmoja.

Sasa hili la tatu, na msomee kaka yako. Kutoka 1954 hadi 2004 U-505 ilikaa nje, ubavuni mwa jumba, ikipakwa rangi kila ilipohitaji. Ilikuwa inakufa taratibu. Nyambizi ina bodi mbili. Ya ndani, nene, hubeba shinikizo la maji. Ya nje ni mabati membamba yanayofunika matangi na kutoa umbo. Kati ya hizo mbili kuna vipenyo ambavyo mkono haupiti, achilia mbali brashi. Vilikuwa sawa baharini, kwa sababu vilijaa maji na kumwagika. Nchi kavu vinakuwa mitego: mvua huingia kwa juu, majani huziba matundu ya kutolea maji chini, na uchafu ule unaoshika unyevu hukaa umelala juu ya chuma mwaka mzima. Unapaka rangi nje, na chuma kinaliwa kutoka ndani. Kutu nayo huhitaji nafasi mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo husukuma bati na kupasua mishono. Siku utakayoona uvimbe kwenye rangi, bati la nyuma yake limeshakwisha.

Halafu kuna chumvi. Chombo kilichokaa baharini kina chumvi ndani ya vinyweleo vya kutu, na chumvi huvuta unyevu kutoka hewani hata siku isiyo na mvua. Chuma safi huanza kupata kutu kwa kasi unyevu wa hewa ukipita asilimia 60 hivi. Chenye chumvi huendelea kuliwa hata chini ya asilimia 40. Ongeza joto na baridi: kati ya majira ya baridi na kiangazi Chicago, bati linaweza kupishana nyuzi 60, na chuma cha mita 76 hurefuka na kufupika kama sentimita tano na nusu. Ukikifunga pande zote mbili kwenye zege, kitu kitapasuka, ama zege ama chombo.

Ndiyo sababu jumba lilichimba shimo la kina cha mita 13 hivi kando yake. Nyambizi ikahamishwa Aprili 2004, ikateremshwa, paa likajengwa juu yake, na ukumbi wenye hewa inayodhibitiwa ukafunguliwa Juni 5, 2005. Mradi wote, pamoja na ukarabati, uligharimu dola milioni 35. Hata humo ndani kazi haijaisha, kwa sababu sisi wageni ni maji yanayotembea. Mtu mmoja hutoa unyevu wa gramu 50 hivi kwa saa kwa pumzi na jasho. Kundi la watu 20 wakikaa dakika 20 wameacha theluthi ya lita hewani, ndani ya bomba la chuma. Kuingiza watu kwa makundi madogo, kwa muda maalumu, kunaisaidia pia mitambo ya kukausha hewa ipate nafasi ya kupumua.

Kaka yako akisema rangi inatosha, ana robo ya ukweli. Rangi ikifanywa inavyotakiwa hudumu miaka mingi, lakini watu hushindwa kabla ya kufungua kopo. Kwanza chuma kinaoshwa kwa maji yasiyo na chumvi yenye shinikizo ili chumvi itoke. Kisha kinapigwa mchanga maalumu hadi kibaki cheupe, kinaoshwa na kupimwa chumvi tena: ikizidi miligramu 50 kwa mita moja ya mraba, rangi itavimba tu. Baada ya hapo saa ndizo zinazohesabika, si siku. Koti la kwanza la epoksi yenye zinki lipakwe siku hiyohiyo, na joto la bati liwe angalau nyuzi tatu juu ya kiwango cha umande (joto ambalo unyevu wa hewa hugeuka matone), la sivyo unapaka juu ya jasho usiloliona. Yafuate epoksi ya kati na koti la juu la poliyurethani, jumla mikroni 300 hivi. Na katika vyombo vya zamani, rangi inayotolewa ina madini ya risasi, na bomba la moshi limefungwa asbesto. Fundi asiyevaa barakoa ya kufaa, akafanya kazi bila kuzungushia turubai, anajiua na anawasumbua majirani.

Kosa jingine nimeliona linarudiwa nchi nyingi: vipande vya zinki vinavyofungwa chini ya meli kuzuia kutu huachwa pale chombo kinapopandishwa nchi kavu, watu wakadhani vinaendelea kulinda. Havilindi. Zinki hufanya kazi ikiwa imezama pamoja na chuma katika maji yaleyale. Hewani ni pambo. Kinacholinda nchi kavu ni matundu ya kutolea maji kwenye kila sehemu ya chini kabisa, yanayozibuliwa kila mwezi, na kipimo cha unene wa bati kwa mawimbi ya sauti, mwaka hadi mwaka, hasa pale chombo kinapokalia zege. Kwenye pwani yetu, ambako unyevu mara nyingi hupita asilimia 70 na upepo wa kusi huja na chumvi, hali ni ngumu kuliko Chicago.

Kuziacha ziendelee kuelea nako si nafuu. Nyambizi ya Kisovieti K-77 ilikuwa makumbusho kule Providence, Marekani. Dhoruba ya Aprili 2007 iliizamisha gatini, na mwishowe ikauzwa kama vyuma chakavu. USS Clamagore ya South Carolina ilivunjwa 2022 baada ya miongo ya kuoza majini. U-534, ndugu wa karibu wa U-505 iliyoibuliwa kutoka chini ya bahari 1993, ilikatwa vipande ili iweze kuhamishwa na kuonyeshwa Birkenhead. Nyambizi za Kijerumani za vita vile zilizohifadhiwa hadi leo ni chache mno: pamoja na hizo mbili, kuna U-995 kule Laboe na U-2540 kule Bremerhaven.

Mkirudi na watoto, kwenye chumba cha mota waonyeshe klachi na shafti, uwaeleze alichofanya Trosino. Watakielewa haraka kuliko watu wazima kama wamewahi kuona dinamo ya baiskeli. Na nje ya nyambizi itafuteni periskopu, bomba la kutazamia juu ya maji. Jeshi liliing'oa miaka ile ya mwanzo, ikaja kupatikana katika maabara ya utafiti wa nyambizi ya Point Loma, San Diego, ambako ilikuwa imefungwa kwenye tangi la maji la majaribio. Ililetwa Chicago mwaka 2003, na sasa mgeni anaweza kuisogelea kwa karibu kuliko baharia yeyote wa U-505 aliyekuwa hana cheo.